Tufani ya Bahari na Udongo wa Mgeta

Msomaji wetu mmoja wa Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, ametaka kujua kwa nini, katika siku zile za mwanzo wa Mei 2024 ambapo kimbunga Hidaya kilikuwa kikiikaribia Mafia, na boti za Unguja zimezuiwa zisiondoke Dar es Salaam, na redio zikitangaza asubuhi na jioni habari za upepo na mawimbi, yeye aliye mbali na bahari kwa safari ya karibu kilomita 200 za barabara aambiwe naye ajihadhari, ilhali tangu utotoni amejua kwamba tufani ni balaa la manahodha na wavuvi. Swali ni la haki, na jibu lake haliko baharini.

Jinsi kimbunga kinavyozaliwa katika maji ya vuguvugu sitaeleza, kwa kuwa vitabu vya shule vimeeleza hadi vikachosha. Yatosha kusema kwamba ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo ukawa kimbunga hudhoofika karibu na ikweta, na kwa ajili hiyo mwambao wetu umesalimika mara nyingi, ijapokuwa si siku zote. Aprili 1872 tufani ilizivunja merikebu za Sultani Seyyid Barghash katika bandari ya Unguja na kuing'oa mikarafuu ya kisiwa. Aprili 1952 ikaipiga Lindi. Kenneth ya mwaka 2019 ilitutia hofu Mtwara kisha ikashukia Cabo Delgado. Na Jobo ya 2021 ilitufikia imekwisha nguvu. Hidaya nayo ilipotua Mafia tarehe 4 Mei ilikuwa imelegea, na madhara yake makubwa hayakuwa ya upepo bali ya maji, yaliyoikata barabara ya kusini huko Somanga na kuwaacha watu wa Lindi na Mtwara wametengwa na Dar es Salaam.

Ukitaka kujua tufani hufanya nini milimani, uliza majirani. Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, lakini miongoni mwa maafa yake mabaya kabisa yalikuwamo yale ya milima ya Chimanimani nchini Zimbabwe, ambako bahari iko mbali sana. Machi 2023 Freddy, baada ya kuzurura Bahari ya Hindi kwa zaidi ya wiki tano, ilifika Blantyre nchini Malawi, mji usio na pwani, ikaubomoa mlima Soche juu ya nyumba za Chilobwe usiku watu wamelala. Upepo hufa haraka ukigusa ardhi, bali ule unyevu uliobebwa kutoka baharini haufi. Ukikutana na mlima hupandishwa, hupoa, hunyesha. Na Uluguru, yenye vilele vipitavyo mita 2,600, imesimama imeuelekea moja kwa moja upepo wa bahari.

Tena Uluguru haihitaji tufani ili ishuke. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima, mvua ya milimita zipatazo 100 ilinyesha kwa muda usiofika saa tatu, ikaacha nyuma yake makovu ya maporomoko zaidi ya 1,000. Wataalamu Paul Temple na Anders Rapp waliyahesabu na kuyapima: udongo wa kina cha mita moja, au moja na nusu, ulikuwa umebanduka na kushuka bondeni pamoja na mazao yaliyokuwa juu yake. Milimita 100 ni lita 100 katika kila mita moja ya mraba. Katika shamba la ekari moja ni tani zaidi ya 400 za maji, zilizoshuka katika muda ambao mama wa Nyandira, huko huko Mgeta, huweka njegere zake kwenye magunia akangojea gari la kwenda sokoni mjini.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie, maana jambo lenyewe ni la kustaajabisha. Udongo wa mteremko ni chembe zisizo na idadi zilizoegemeana, na baina ya chembe na chembe imo mianya ambayo wakati wa kiangazi hujaa hewa. Kinachozizuia zisiteleze ni msuguano, na msuguano hutokana na uzito, chembe ya juu ikiigandamiza ya chini, na hiyo ikiigandamiza iliyo chini yake, hata kufika kwenye mwamba. Mvua ya kwanza haidhuru, bali husaidia, kwani maji machache huzivuta chembe zikashikana kuliko zilivyokuwa kavu. Shida huanza mianya inapojaa tele, na mwamba wa chini haupitishi maji upesi: maji yaliyokwama husukuma pande zote, na juu pia, na kadiri yanavyosukuma juu ndivyo chembe zinavyopunguziana uzito. Nguvu hii vitabu vya fizikia vingeiita kanieneo, neno lililoungwa kwa kani na eneo, sahihi kwa hesabu lakini halina ladha kinywani. Na yupo aliyenishauri mianya ya udongo niiite vinyweleo, nami nikakataa, kwa kuwa kinyweleo ni cha ngozi yenye malaika, na mlima hauna malaika. Nitasema shinikizo la mianya, atakayekuwa na bora alilete.

Mfano wake ni umati wa watu waliosimama ufuoni siku ya bamvua, bega kwa bega juu ya mchanga unaoinamia baharini, na nyuma yao wapo wengine wanaowasukuma kuelekea majini bila kukoma. Maji yakiwa vifundoni hakuna anayeyumba, kwa kuwa uzito wa kila mmoja umo nyayoni mwake. Yakifika kiunoni, watu huanza kutafuta pa kukanyaga. Yakifika kifuani, mtu ni yule yule na mwili ni ule ule, hajapungua hata ratili moja, lakini nyayo zake sasa zaugusa mchanga kwa wepesi wa mtu anayenyata, maji yamembeba na nguvu ya kujizuia imemtoka, ilhali wale wa nyuma hawajapunguza kusukuma hata kidogo. Hapo mmoja akiteleza humchukua wa mbele yake, na safu nzima huenda. Tazama basi jambo hili: si maji yaliyowasukuma. Maji yaliwanyanyua tu. Waliowasukuma ni wenzao, nao walikuwa wakisukuma tangu asubuhi. Ndivyo ulivyo mlima. Uzito wa udongo wenyewe umekuwa ukiuvuta kwenda bondeni tangu zama za Nuhu, na mvua haiongezi nguvu nyingi juu ya hiyo. Hupunguza karibu nusu ya msuguano uliokuwa ukiizuia, basi. Na ile ile milimita 100 ikinyesha kwa siku tatu hupata wasaa wa kuchuruzika, umati ukabaki maji magotini. Ikinyesha kwa saa tatu haina pa kwenda.

Udongo wa mfinyanzi una gundi yake, na miteremko haifanani, lakini hayo tuyapite. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kati ya makovu yale ya Mgeta hayakufika hata asilimia moja yaliyoanzia penye miti. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba yanayolimwa na kwenye yaliyolala yakaota majani. Mizizi ya mti hupenya tabaka zima la udongo ikashika nyufa za mwamba, na katika ule umati wetu ni sawa na kuwamo watu walioikamata kamba iliyofungwa nchi kavu.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na shauri lake kwa milima hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kazi ya sulubu iliyofukua udongo usio na rutuba, hata Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango wote ukaachwa. Matuta yale yalikusudiwa kuzuia maji yasikimbie juu ya ardhi. Msomaji aliyefuata maelezo ya hapo juu atatambua mwenyewe kwamba maji yasiyokimbia huingia ndani.

Leo tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, tunazo kamati za maafa tangu taifa hadi kijiji, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa daraja tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, ambazo wakati wa Hidaya zilitoka mapema na zikaokoa roho baharini bila shaka yoyote. Kasoro yake kwa mtu wa mlimani ni kwamba taarifa hutaja mkoa, na mkoa wa Morogoro ni kilomita za mraba zipatazo 70,000, kuanzia Gairo hadi Malinyi, ilhali mawingu ya mwaka 1970 yalipasuka juu ya Mgeta. Taarifa ya Dar es Salaam haiwezi kujua mianya ya udongo wa Tchenzema, huko Mgeta, imejaa kiasi gani usiku huu. Anayeweza kujua ni aliyepo.

Kwa hiyo nawaomba madiwani na wenyeviti wa vijiji vya Mgeta, Kinole na Matombo: kila kijiji kiwe na kipima mvua na mtu wa kukisoma usiku, hasa tahadhari ikiwa imekwisha kutangazwa. Mvua ikizidi kupanda kuelekea milimita 100 ndani ya saa chache, msingoje amri ya wilaya; waamsheni wanaokaa chini ya mashamba ya mteremko yasiyo na miti na kandokando ya makorongo, wahamie kwa jamaa zao wa mbali na njia ya tope mpaka maji yachuruzike.