Marejeo ni Ngamani: Kabla ya Viza, Cheti

Ukisimama juu ya ukuta wa Ngome ya Yesu ukaipa mgongo Mombasa, unakiona vizuri kilango cha bahari kinachoingia Bandari ya Kale. Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596, na katika zama hizo chombo cha biashara kilitakiwa kiwe na kartazi, karatasi ya ruhusa waliyoitoa Wareno wenyewe. Nahodha aliyekutwa baharini bila kartazi aliweza kupoteza chombo na shehena yake. Haikumsaidia kwamba alizijua pepo za kusi na kaskazi tangu utotoni. Ujuzi alikuwa nao yeye, ruhusa ilikuwa kwa mwingine.

Ngome yenyewe ni kazi ya ujuzi wa kuletwa. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno huko India. Miaka 300 baadaye Waingereza waliwashusha hapa Mombasa Wahindi takriban 32,000, kwa mikataba ya miaka mitatu, wajenge reli ya kwenda bara. Mji huu umepokea mafundi wa watu karne kwa karne. Siku hizi ni vijana wa mitaa ya Kibokoni na Majengo wanaouliza njia ya kutoka.

Swali lao nalijua kwa moyo: “Ami, viza ya Ujerumani yapatikana vipi?” Nami huwauliza: cheti chako ni cha nini, na kimetolewa na nani? Wengi huona nakwepa. Sikwepi. Viza ya mtu mwenye ujuzi ni mlango wa mwisho katika safari yenye milango kadhaa, na milango ya mwanzo haiko ubalozini.

Tazama yaliyotokea Septemba 2024. Tarehe 13 ya mwezi huo Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji wa kikazi, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwapo. Kabla wino haujakauka, habari zilienea kuwa Wakenya 250,000 watapewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: mkataba hautaji idadi yoyote, na kila mwombaji atatimiza masharti ya sheria zao kama kawaida. Wakati huohuo, katika mji wa Flensburg kaskazini kabisa mwa Ujerumani, walipokewa madereva wa basi kutoka Kenya katika mradi wa majaribio. Walikuwa watano.

Mkataba wa serikali mbili, basi, hupunguza vikwazo vya njiani, lakini haumgawii mtu viza. Atakayepita ni yule ambaye karatasi zake zinasomeka kule aendako.

Tuchukue mfano wa fundi umeme mwenye umri wa miaka 28. Alisoma chuo cha ufundi kwa zaidi ya miaka miwili, akapata diploma, kisha akafanya kazi hiyohiyo kwa miaka mitano. Tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani ina kibali kiitwacho Chancenkarte, yaani kadi ya fursa. Kinamruhusu mtu kuingia nchini na kutafuta kazi akiwa hukohuko, kwa muda wa hadi mwaka mmoja, huku akiruhusiwa kufanya vibarua visivyozidi saa 20 kwa wiki.

Kabla ya kuhesabiwa alama, fundi wetu ataulizwa mambo matatu. Je, ana digrii, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili, yanayotambuliwa na serikali ya nchi aliyosomea? Je, anajua Kijerumani cha kiwango cha A1 au Kiingereza cha B2? Je, ana pesa za kujikimu? Kwa mwaka 2025 kiasi kilichotakiwa kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hizo ni zaidi ya euro 13,000, karibu shilingi milioni mbili za Kenya, zikae katika akaunti maalumu ambayo atachota kidogo kidogo kila mwezi. Asiye na akiba hiyo anaweza kuonyesha mkataba wa kibarua utakaomlisha.

Akipita hapo, anahitaji alama 6. Umri wake haujavuka miaka 35: alama 2. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya miaka saba iliyopita: alama 3. Jumla 5, na mlango bado umefungwa. Akijifunza Kijerumani hadi A2 anaongeza alama 1, akifika B1 anaongeza 2. Kilichobaki kati yake na kadi ni darasa la lugha la miezi michache.

Sasa rudi kwenye swali la kwanza kati ya yale matatu. Bila diploma, umri na uzoefu wake visingehesabiwa kamwe.

Kwa wauguzi waendao Uingereza hali ni hiyo, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa kazi yao inashika uhai wa watu. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Miezi michache baadaye, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Hawa ni watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza. Shida ni kwamba mtihani ule una mtindo wake, na humwangusha hata mwalimu asiyejiandaa. Mbali na lugha, muuguzi huhitaji uthibitisho wa Baraza la Wauguzi la Kenya, mtihani wa taaluma unaofanywa kwenye kompyuta, kisha mtihani wa vitendo akishafika Uingereza.

Na sheria hazikai mahali pamoja. Hadi Julai 2025 Uingereza ilikuwa ikichukua walezi wa wazee kutoka nje. Tarehe 22 ya mwezi huo ikafunga njia hiyo kwa waombaji wapya walio ng'ambo, na kwa kazi nyingi ikataka kiwango cha digrii. Anayekuuzia leo nafasi ya ulezi huko anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa.

Mabaharia wa kwetu wana msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya ndani kabisa, yanakokusanyika maji ya kutolewa nje. Uende Berlin, uende London, utarudishwa hapohapo: ulisomea wapi, na nani anathibitisha?

Kwa hiyo anayenitia wasiwasi zaidi ni fundi asiye na karatasi. Mji wa Kale wa Mombasa umejaa mikono ya namna hiyo. Kuna seremala aliyejifunza kuchonga milango kwa mjomba wake, anayekujulisha aina ya mti kwa kuunusa. Kwa afisa wa viza, mtu huyu hana ujuzi. Anaweza kuanza na mtihani wa ufundi wa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, wenye ngazi tatu, ya III ikiwa ya chini na ya I ya juu. Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya KNQA, mamlaka inayosimamia viwango vya vyeti vya Kenya. Ila ajue mapema kwamba nchi inayodai mafunzo ya miaka miwili huenda isiridhike na mtihani wa siku chache.

Kuhusu maajenti, mambo ni mawili. Jina la wakala litafutwe kwenye orodha ya NEA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na kwa Uingereza, serikali yao huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa nje. Kampuni isiyokuwemo haina uwezo wa kukuita.

Juzi kijana alinionyesha barua ya kazi kwenye simu, tukiwa tunakunywa kahawa chini ya ngome. Ilikuwa na nembo ya tai, muhuri mwekundu na mshahara wa kutamanisha. Niliisoma mara mbili kutafuta jina la kazi, sikuliona. Nikamuuliza cheti chake cha ufundi kiko wapi. Akatazama kikombe.

“Kiko chuoni, Ami. Karo ya muhula wa mwisho sikumaliza.”

Tulipiga hesabu palepale. Malipo ya kwanza aliyotakiwa kumpa ajenti yangelilipa deni lile, na chenji ikabaki ya darasa la Kijerumani.