Kuchagua, Kuteua na Kukata Shauri: Maneno Yanavyotufundisha Uhuru



Sisi wanafunzi wa falsafa tunasoma vitabu vingi kwa Kiingereza, kisha tunarudi parokiani kuzungumza na watu kwa Kiswahili. Hapo ndipo kazi inapoanza. Neno lililoonekana jepesi darasani linakosa mwenzake tunapotaka kulieleza kwa waamini. Katika makala hii tutaangalia maneno ambayo Kiingereza hutumia kwa tendo la kuchagua, tutayalinganisha na ya kwetu, na mwisho tutaona yanatuambia nini juu ya uhuru wa binadamu. Mifano mingi tutaichukua Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu humfundisha mtu kuchagua tangu akiwa mdogo.

Maneno ya Kiingereza

Neno choose ni la kale katika Kiingereza. Wataalamu wa lugha hulihusisha na mzizi uliomaanisha kuonja, ule uliozaa pia neno la Kilatini gustus, yaani ladha. Select na elect yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini legere, kuokota au kukusanya: la kwanza ni kuokota na kuweka kando, la pili ni kuokota na kutoa miongoni mwa vingine. Prefer asili yake ni kubeba kitu na kukiweka mbele ya kingine. Decide asili yake ni kukata.

Choose hutumika kwa jambo lolote, kubwa au dogo. Select hudai vitu vingi na kipimo. Ukipita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kabla hujaanza kupanda mlima Kitonga, utaona watu wamekaa kwenye lundo la vitunguu wakitenga vikubwa, vidogo na vilivyooza. Kazi yao ni select. Sisi tunasema wanachambua. Abiria anayeshuka kwenye basi na kuokota vinavyompendeza, huyo anachagua.

Prefer ina mtego. Kwa Kiingereza, mtu akisema anapendelea hiki kuliko kile hajamkosea yeyote. Kwa Kiswahili kupendelea kuna sura mbili. Unaweza kupendelea ugali kuliko wali bila lawama, lakini mwalimu akimpendelea mwanafunzi mmoja, tayari kuna kesi. Kwa hiyo tunapotafsiri neno hilo, tuangalie kama tunazungumzia ladha au haki.

Kuchagua na kuteua

Neno elect ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu Kiswahili kimeligawa mara mbili. Wananchi humchagua mbunge kwa kura. Rais humteua waziri. Makardinali walimchagua Papa Leo XIV tarehe 8 Mei 2025. Papa huteua maaskofu. Kuchagua hapa ni tendo la wengi wanaopiga kura, kuteua ni tendo la mwenye mamlaka.

Hata hivyo mpaka huo hauko wazi kila mahali. Rais aliyeshinda uchaguzi lakini hajaapishwa huitwa Rais mteule, ingawa hakuteuliwa na mtu. Padre aliyetajwa kuwa askofu lakini hajawekwa wakfu huitwa askofu mteule. Nao wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka huitwa wateule. Katika matumizi haya neno linaeleza hali ya mtu aliyetengwa kwa ajili ya jukumu ambalo bado hajalianza. Tukisoma juu ya wateule katika Maandiko Matakatifu tusifikirie sanduku la kura. Tufikirie Mungu anayemwita mtu kabla mtu huyo hajafanya lolote la kustahili.

Neno kura nalo lina historia. Limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni bahati nasibu ya kuamua nani apate nini. Ndiyo maana tunaposoma Matendo ya Mitume sura ya kwanza, jinsi Mathia alivyopatikana kushika nafasi ya Yuda, tunakuta kura bila kampeni wala kuhesabu wingi. Mitume waliwaweka mbele watu wawili, wakasali, kisha wakaacha kura iamue. Leo kupiga kura ni kusema ninachotaka. Zamani kulikuwa kukubali kile ambacho sikukiamua mimi.

Kukata shauri

Tulisema decide asili yake ni kukata. Kiswahili kimefika hapohapo kwa njia yake: tunasema mtu amekata shauri. Tena Kiswahili kimeongeza kitu cha thamani, maana kinataja kinachokatwa. Ni shauri, yaani mazungumzo ya kupima, ama na wengine ama moyoni.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, anafundisha jambo hilohilo. Kuchagua si kutamani tu, kwa sababu mtu anaweza kutamani yasiyowezekana, lakini hachagui yasiyowezekana. Kuchagua hutanguliwa na shauri, na shauri huhusu njia ya kufikia lengo. Daktari hakai kujiuliza kama aponye au asiponye. Anajiuliza aponye kwa njia gani. Mtakatifu Thomas wa Akwino alipokea fundisho hilo, akalipa kuchagua swali la 13 na shauri swali la 14 katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae. Anayechagua bila shauri, kwa Thomas, ameruka hatua.

Hiari

Neno la mwisho ni hiari. Nalo ni la asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na ule wa heri. Mtu akisema "heri nirudi nyumbani", tayari ameweka jema moja juu ya jingine. Kutenda kwa hiari ni kuelekea kile unachokiona kuwa chema.

Je, kila aliyechagua ametenda kwa hiari? Aristotle anatoa mfano wa mabaharia wanaotupa mizigo baharini wakati wa dhoruba. Hakuna anayetupa mali yake kwa kupenda, lakini mwenye akili atafanya hivyo ili aokoe maisha. Anasema matendo ya namna hiyo ni mchanganyiko. Mkulima wa Ruaha Mbuyuni anaelewa bila kupanda meli. Vitunguu vimeshavunwa, mvua inakaribia, deni la mbolea linadai, na mnunuzi aliyepo anataka gunia la lumbesa, ingawa sheria ya vipimo inalikataza. Mkulima anakubali. Amechagua, lakini tukimwambia "ulitaka mwenyewe" tunamdhulumu.

Kanisa linaijua tofauti hiyo. Kanuni ya 1103 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema ndoa si halali ikiwa mtu ameingia kwa nguvu au kwa woga mkubwa utokao nje, hata akalazimika kuchagua ndoa ili ajinasue. Angalia vizuri: sheria inakubali kwamba huyo mtu alichagua, ila inakataa kwamba alikuwa huru. Kanuni ya 1026 inadai uhuru huohuo kwa anayepewa daraja takatifu, na inakataza kabisa kumlazimisha mtu kwa namna yoyote.

Hili linatuhusu sisi na familia zetu. Kijana anayeitwa "padre wetu" na ukoo mzima tangu Komunyo ya Kwanza anaweza kufika mbali seminarini bila kuulizwa anataka nini. Binti aliyekwisha kulipiwa mahari anaweza kusema "nimekubali" mbele ya altare huku akiogopa kumwaibisha baba yake. Wote wawili wametamka neno sahihi.

Basi mtu akitueleza kwamba amechagua, tumsaidie kwa maswali matatu. Ulikuwa na njia gani nyingine? Ulifanya shauri na nani? Na kama ungesema hapana, nani angebaki upande wako? Swali la tatu tusimwachie yeye peke yake alijibu. Mzazi, mlezi au rafiki anaweza kumjibu mapema: "Ukisema hapana, mimi nipo."