Je, Wajua? Mti, Mchongaji na Nyuki wa Sikonge

Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, ni nchi ya miombo na asali. Huku mchongaji na mrina asali hutegemea msitu mmoja.

Je, wajua kuwa mti wa mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu wa rangi ya damu? Kwa sababu hiyo, waganga wengi wa jadi huutumia kutibu maradhi ya damu. Wachongaji nao huupenda kwa kuwa mbao zake hazisinyai sana zinapokauka, hivyo mchongo haupasuki ovyo, na kiini chake huwashinda mchwa.

Je, wajua kuwa mojawapo ya michongo mashuhuri ya Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, iko Berlin, Ujerumani? Ni kiti cha enzi cha mtemi wa Buruku, kilichochukuliwa enzi za utawala wa Wajerumani. Kimechongwa kwa kipande kimoja cha mti. Kwa nyuma, umbo la mtu limejitokeza kwenye egemeo, na kichwa chake kimechomoza juu. Mtemi alipoketi, mtu huyo wa mti alikuwa mgongoni mwake.

Je, wajua kuwa mzinga wa gome huweza kugharimu uhai wa mti mzima? Gome la kutengenezea mzinga likichunwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena kwenye mizizi, na mti hufa. Ukiwa ni mti wa maua, nyuki nao wamepoteza malisho.

Je, wajua kuwa nta ya nyuki huzaa sanamu za shaba? Mafundi wa Benin, nchini Nigeria, hufinyanga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, kisha hulichoma. Nta huyeyuka na kutoka, na shaba iliyoyeyushwa humiminwa mahali pake.

Je, wajua kuwa mche wa mninga unaoonekana umekufa huenda ukawa hai? Kwa miaka kadhaa ya mwanzo, sehemu yake ya juu hukauka kila kiangazi huku mzizi ukizidi kunenepa ardhini. Ukishapata nguvu ndipo shina husimama moja kwa moja, na bado huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa. Kwa hiyo, ndugu mkulima, unapofyeka shamba au kuchoma majani, uhurumie mche huo mkavu. Ndiyo kazi ya mchongaji wa kesho.