Sola bandani, vifaranga 41 wakaniaga!

KAMA na wewe uko mbioni kuingia kwenye dili la kuku, msomaji wangu, kaa kitako kwanza nikupe mkasa. Mimi ni mkazi wa Mbagala, na uani kwetu kuna banda ambalo mama alikuwa akiuzia mkaa. Biashara ilipolala, nikamwomba banda hilo, na juu yake anikopeshe pesa ya upatu wake. Mama ni mama, akanipa vyote.

Kwenye banda lenyewe sikukosea. Lina mita 3 kwa 4, na mita moja ya mraba inatosha kuku 10 hivi wa nyama, kwa hiyo kuku 100 wanaenea bila kubanana. Nikabomoa kuta za pande mbili ndefu, nikaacha tofali mpaka usawa wa goti, juu nikapiga wavu. Joto la Dar halina mchezo. Banda lisilopitisha upepo linaua kuku wakubwa mchana kweupe. Chini nikamwaga maranda.

Kasheshe ikaja kwenye umeme. Ilikuwa mwishoni mwa 2022, Dar imerudi kwenye mgawo. Nikajisemea, jua la Mbagala ni la bure, mgawo utanifanya nini? Nikatinga Kariakoo, nikarudi na paneli ya wati 100, betri ya ampea-saa 100 na inveta. Muuzaji aliniapia kwamba hiyo inasukuma chochote. Nikaning'iniza balbu ya joto ya wati 250, nikashusha vifaranga 100 wa siku moja. Mtaa mzima ukaja kushangaa.

Taa iliwashwa saa 1 jioni. Kabla ya saa 6 usiku ilikuwa imezimika, na mimi nakoroma. Asubuhi nikakuta vifaranga wamelundikana kona moja, wa chini wamekufa kwa kubanwa. Nilihesabu 41. Mama akatazama, akasema taratibu tu: "Mwanangu, jua linawaka mchana, vifaranga wanasikia baridi usiku." Bora angenitukana.

Ikabidi nishike kalamu, kitu ambacho ningekifanya kabla ya kupanda daladala. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Betri ya kawaida ya risasi ukizoea kuinyonya zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo zako ni 600. Balbu ya wati 250 inazimaliza kwa chini ya saa 2 na nusu, wakati usiku wa saa 12 unadai 3,000! Sasa chukua taa mbili za LED za wati 5: usiku kucha zinakula 120 tu. Somo ndilo hilo. Sola ndogo ni ya mwanga, si ya joto.

Siku hizi joto linatoka kwenye jiko la mkaa lililofunikwa chungu. Juu ya wavu naacha wazi hata kukiwa na baridi, maana hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua kuku pamoja na mwenye kuku. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi joto 32 hadi 34, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakijikusanya, ni baridi. Wakilikimbia jiko huku midomo wazi, joto limezidi. Wakitapakaa na kula, nenda kalale. Taa za sola zinawaonyesha chakula na maji, na mimi zinanionyesha panya.

Wapo watakaosema sola ya nini tena, wakati Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limeanza kuzalisha umeme tangu Februari 2024. Sawa, lakini nguzo ya mtaani kwako ikianguka usiku wa manane, bwawa halikufikii.

Mzigo uliofuata nilipoteza vifaranga 3. Pesa ya upatu nimeirudisha kidogo kidogo, na mama sasa anachajia simu yake bandani. Inveta iko chini ya kitanda. Anayeitaka anione, ila aje na kalamu.