Mahitaji ya Mfumo wa Usalama wa Chakula Nchini Malawi: Mfano wa Karanga kutoka Lilongwe hadi Dzaleka

Tathmini ya mfumo wa usalama wa chakula aghalabu huanzia kwenye sheria na maabara. Makala haya yanaeleza kwamba nchini Malawi tathmini hiyo haina budi kufika hadi kwa mlaji mwenye uwezo mdogo wa kuchagua.

Zana ya tathmini iliyotolewa na FAO na WHO mwaka 2019 hutazama mambo manne: rasilimali, kazi za udhibiti, uhusiano na wadau, na maarifa ya kisayansi pamoja na uboreshaji endelevu. Kwa upande wa rasilimali, Malawi haianzii patupu. Shirika la Viwango liliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na katika kituo cha utafiti cha Chitedze, karibu na Lilongwe, sumukuvu hupimwa. Hata hivyo, majukumu ya udhibiti yamegawanyika baina ya wizara kadhaa na halmashauri.

Athari za mgawanyiko huo hudhihirika katika karanga. Zile za kuuzwa nje huchambuliwa. Zilizovunjika, kusinyaa au kubadilika rangi hutengwa. Hizo ndizo zenye sumukuvu nyingi zaidi, lakini hurejea katika masoko ya ndani kwa bei nafuu, mara nyingi zikiwa zimesagwa. Zikishasagwa, kasoro haionekani tena, na kupika kwa kawaida hakuondoi sumu. Hivyo, kanuni inayomlinda mlaji wa ng'ambo yaweza kumwongezea hatari mlaji wa nyumbani. Uzito wa hatari ya sumukuvu ulidhihirika nchini Kenya mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalipougua watu 317 na kuua 125.

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994. Sasa ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mgao unapopungua, bei ndiyo huamua kinacholiwa. Aidha, wengi wa wakazi hao huwasiliana kwa Kiswahili, si kwa Kichewa wala Kiingereza.

Mambo matatu yanahitajika. Kwanza, sampuli zichukuliwe katika masoko madogo, si maghalani pekee. Pili, karanga zilizotengwa zifuatiliwe hadi mwisho wake, na taasisi moja iwajibike. Tatu, mafunzo ya kukausha na kuchambua yatolewe pia kwa Kiswahili, kupitia wauzaji wenyewe.