Upana wa Bomba na Unyonge wa Maji Bafuni

Wenye nyumba wengi hudhani kwamba maji yakitoka kinyonge bafuni dawa yake ni pampu, ilhali aghalabu taksiri si ya maji bali ni ya njia iliyobanwa. Tangi ambalo uso wa maji yake umeinuka mita 3 juu ya bomba la mvua halina nguvu nyingine ila ya mita 3 hizo, liwe la lita 500 au la lita 5,000. Na katika rasilimali hiyo haba ndimo unamotolewa ushuru wa msuguano, katika kila urefu wa bomba na kila kona.

Ushuru huo aliupima kwa makini Henry Darcy, mhandisi Mfaransa wa mji wa Dijon, ambaye mwaka 1857 alichapisha majaribio yake juu ya mabomba ya namna kwa namna, mapya na yaliyokwisha kushika uchafu. Kwa hesabu zitumiwazo leo, maji yakiwa ni yale yale, kipenyo kikiongezwa mara mbili, nguvu ipoteayo hushuka hadi takriban sehemu moja katika 30.

Na tulitazame bomba la plastiki la kuyeyusha, ambalo mafundi huliita nusu inchi. Limeandikwa milimita 20, walakini kipimo hicho ni cha nje. Lile la ukuta mnene hubakiza ndani milimita 13 na kidogo. Zikipita humo lita 9 kwa dakika, kiasi cha kumtosha mtu mmoja kuoga, kila mita 10 za bomba hula zaidi ya mita 1 ya kimo kile, na kona bado hazijahesabiwa. Mfereji wa jikoni ulio katika njia hiyo hiyo ukifunguliwa, maji yanayotakiwa huwa maradufu, na msuguano ungezidi mara tatu na nusu, deni ambalo tangi haliwezi kulilipa; ndipo aliyejipaka sabuni husimama akingoja. Lau njia hiyo ingekuwa ya robo tatu, hasara ingeshuka hadi thuluthi.

Haimaanishi kwamba kila bomba liwe pana, maana bomba pana la maji ya moto hukufanya umwage maji mengi ya baridi kabla ya kupata ya moto. Roy Hunter wa Marekani alionyesha mwaka 1940, kwa hesabu ya bahati nasibu, kwamba mifereji yote haifunguliwi kwa pamoja. Basi upana na uwekwe katika shina litokalo tangini, na tawi fupi la mfereji mmoja liachwe nusu inchi.

Kuna na hila isiyoonekana: fundi akiichoma plastiki kupita kiasi, huvimba pete ndani ya kiungo, ikaliziba nusu koo bomba ulilolinunua kwa haki. Kwa hiyo wewe unayejenga, kabla ukuta haujapigwa lipu, mtake fundi akate kiungo kimoja mbele yako, ukichungulie ndani na kukipima kwa rula, kwa kuwa vigae vikishabandikwa huna la kupima tena.