Zungumza na kijana kuhusu pombe kabla hajafunzwa na wengine

Wazazi wengi wa mjini huuliza kila jioni kuhusu alama za hisabati na kazi ya ziada, lakini ifikapo habari ya pombe hunyamaza. Huhofu kwamba kuitaja ni kumfungulia mtoto mlango. Hata hivyo, mlango huo ulifunguka kitambo. Baa ziko karibu na nyumba tunamoishi, sherehe hazikosi kreti za bia, na wenzake darasani humsimulia yale ambayo nyumbani yamefichwa.

Wengine hungoja hadi siku kijana atakaporudi akinuka pombe, kisha humwita mbele ya baba, mama na wajomba ahutubiwe. Kikao cha aina hiyo humfunza jambo moja tu: kujificha vyema zaidi.

Kidogo kidogo

Anza mapema, hata akiwa na miaka 10 au 11, na mzungumze mara kwa mara. Nafasi ni nyingi: mnapoosha vyombo, mkiwa ndani ya matatu, au baada ya taarifa ya habari. Uliza, usihubiri. "Mwanangu, huko shuleni wanafunzi husemaje kuhusu pombe?" Akijibu kwamba kuna mwenzake anayekunywa, usirukie kutaka jina, la sivyo hatakueleza lolote tena.

Mpe sababu zinazoeleweka. Mwambie kwamba sehemu ya ubongo inayopima hatari huendelea kukomaa hadi mtu akaribie miaka 25, na pombe huweza kuidhuru. Mweleze kwamba sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Mkumbushe pia yaliyotokea katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, mnamo Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo haionekani kwa macho ikishachanganywa na pombe.

Kisha fanyeni mazoezi ya kukataa. "Sitaki, nina mechi kesho," ni jibu linalotosha. Aliyekwisha kulitamka nyumbani hatababaika sana akiwa mbele ya wenzake.

Ahadi

Jambo linaloweza kuokoa maisha ni ahadi hii: "Ukikwama mahali popote, saa yoyote, nipigie simu. Nitahakikisha umefika nyumbani, na usiku huo hakuna ugomvi." Kijana anayeogopa kiboko kuliko gari linaloendeshwa na mlevi ataingia ndani ya gari hilo. Maswali na adhabu yangoje asubuhi.

Mfunze pia kwamba mwenzake akilewa hadi kupoteza fahamu, asiachwe amelala chali kwani anaweza kusakamwa na matapishi. Alazwe ubavu, na mtu mzima aitwe upesi ili apelekwe hospitalini.

Katika nyumba nyingine, mnywaji ni mzazi mwenyewe. Huyu naye asikimbie mazungumzo, kwani mtoto humwona. Akiri waziwazi kiasi ambacho pombe humgharimu, iwe ni karo iliyochelewa au Jumapili aliyoshinda kitandani. Aidha, akome kumtuma mtoto dukani kumletea bia. Maneno matamu hayawezi kufuta yale ambayo macho yameona.

Iwapo kijana amekwisha kuanza kunywa, dalili huwa ni pesa kupotea nyumbani, marafiki wapya wasiotajwa majina, alama kushuka na hasira zisizo na chanzo. Usimfukuze. Mwalimu wa ushauri shuleni anaweza kusaidia, na NACADA hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini kijana si samaki. Hukunjika kwa kusikilizwa. Mzazi, leo jioni anza kwa swali moja tu, kisha umwache ajibu hadi amalize.